Kutolewa, Kujizuia na Kuonyana: Uhakiki wa Lugha ya Makundi Sogozi

Utangulizi

Istilahi haikai kamusini peke yake. Ikishaundwa huingia katika matumizi, na humo huanza kuelekeza namna watu wanavyoyaelewa mambo yao. Kwa hiyo kazi ya istilahi haimaliziki siku neno linapopitishwa na kikao. Hatuna budi kulifuata huko linakokwenda na kuangalia linafanya nini.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno yanayotumika ndani ya makundi sogozi, yaani makundi ya watu wanaojadiliana kwa simu na kompyuta kupitia intaneti. Jina lenyewe limetokana na kitenzi sogoa, na kwa maoni yetu limeundwa vizuri: ni fupi, lina mzizi wa Kiswahili, na anayelisikia mara ya kwanza hahitaji kufafanuliwa sana. Ugomvi wetu si juu ya jina hilo. Ni juu ya maneno yanayoeleza adabu ya humo ndani: jinsi mwanachama anavyotakiwa kusema, anavyokosolewa anapokosea, na anavyoadhibiwa. Wasomaji wetu wengi ni wanachama wa makundi hayo kazini, shuleni na mitaani, na baadhi yao ndio wanaoombwa kuandika au kufasiri taratibu zake.

Hoja yetu ni moja. Lugha ya makundi haya imekuwa tajiri wa kauli ya kutendwa, na maskini wa kauli ya kutendana na ya kujitendea. Walakini adabu hukaa zaidi katika hizi mbili za mwisho.

Lugha ya masharti

Kundi likishakuwa na watu wengi, huandikiwa masharti. Masharti hayo yanafanana mno, hata mtu angedhani yametoka kwa mwandishi mmoja. Husomeka takriban hivi: "Hairuhusiwi kutuma picha chafu. Hairuhusiwi kujadili siasa wala dini. Matangazo ya biashara yamepigwa marufuku. Atakayekiuka atatolewa bila kupewa taarifa."

Wasomaji watatambua mara moja lugha ya namna hii. Ni lugha ya ubao uliopigiliwa mlangoni mwa ofisi. Mtendaji hatajwi popote. Ni nani asiyeruhusu? Ni nani aliyepiga marufuku? Ni nani atakayetoa, na atakuwa amemsikiliza nani kabla ya kutoa? Kauli ya kutendwa ina kazi yake halali katika sarufi, na mojawapo ni kumficha mtendaji pale asipohitajika. Hapa mtendaji anahitajika sana.

Kichwa cha orodha hiyo mara nyingi huwa "Sheria za Kundi" au "Kanuni za Kundi". Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni, katika lugha ya serikali, hutungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria; ndivyo zilivyotolewa nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 1918+100, yaani 2018, na nyingine zilizochukua nafasi yake mwaka 2020, na mwenye kuzivunja hujibu mahakamani. Watu 40 waliokubaliana kuzungumza habari za shule ya watoto wao hawana Bunge wala waziri. Neno makubaliano lingewatosha, nalo lina faida ya kubeba ndani yake kiambishi -an-, kinachoonyesha kuwa jambo limefanywa na wote kwa wote.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika miji na vijiji vya Tanzania kuna vyama vya kufa na kuzikana. Jina hilo halikuundwa na kamati yoyote ya istilahi, na hatujui kamati ambayo ingeunda bora zaidi. Tazama maneno yanayokwenda nalo: kuchangiana, kusaidiana, kutembeleana, kufarijiana. Siku hizi vyama vingi vya namna hii vina kundi sogozi la kutangazia misiba na kukusanyia michango. Wanachama ni walewale na shida ni zilezile, lakini lugha imegeuka. Mtu huingizwa, huonywa, hufutiwa ujumbe, hutolewa. Mama aliyetolewa jioni kwa sababu ya neno moja lililomtoka kwa hasira hatapata habari ya msiba wa asubuhi. Asipofika kuzika, atahesabiwa kuwa ametenga watu, kumbe watu ndio waliomtenga. Mambo ya namna hii si ya lugha tu, lakini lugha imeyarahisishia njia.

-ji- na -an-

Tukiwaomba wafasiri watupe Kiswahili cha dhana inayotajwa kwa Kiingereza kuwa ni watu wa kundi kujilinda na kujisahihisha wenyewe pasipo kumtegemea mkubwa wa nje, wengi watatuletea "kujipolisi", au "upolisi binafsi". La kwanza halina maana kwa mtu asiyejua Kiingereza. La pili ni baya zaidi, kwa sababu humfanya msomaji afikirie walinzi wa kampuni.

Kosa halitokani na uvivu wa wafasiri. Linatokana na tofauti ya lugha mbili. Kiingereza kina neno moja, self, linalotumika mtu anapojizuia mwenyewe na pia watu wa kundi moja wanapozuiana wao kwa wao. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo. Kinatulazimisha kuchagua: ama -ji-, ama -an-. Kujichunga ni kazi ya mtu mmoja na nafsi yake. Kuchungana ni kazi ya wenzi. Anayefasiri dhana hiyo bila kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili inayokusudiwa atapotea njia hata kama maneno yake ni sanifu.

Ukisoma miongozo ya adabu ya zamani utaziona zote mbili zikiwa zimetengana vizuri. Mwezi Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alichapisha mwongozo unaojulikana kwa namba RFC 1855, ambao kwa miaka mingi ulitajwa kama msingi wa adabu za intaneti. Humo mgeni wa kundi anashauriwa asome tu kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika chochote, ili aijue desturi ya wenyeji. Anaambiwa pia kuwa kuandika kwa herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga kelele. Hayo ni ya -ji-: kujizuia, kujipima, kujifunza. Mwongozo huohuo unasema kwamba watu wawili wakihitilafiana wasiendeleze mabishano mbele ya kundi zima, bali waandikiane faragha. Hilo ni la -an-.

Msomaji wa pwani hatayaona mambo haya kuwa mageni. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja zina adabu ya namna hiyo tangu zamani. Mpita njia hupiga salamu, hukaribishwa, husikiliza mazungumzo yamefika wapi, kisha ndipo husema lake. Akiondoka huaga. Katika kundi sogozi mtu huweza kuingizwa na mwingine pasipo kubisha hodi wala kuulizwa. Ni mwaka 2019 tu ambapo WhatsApp iliwapa watumiaji njia ya kuchagua ni nani awezaye kuwaingiza. Na tangu Agosti 2022 mtu huweza kuondoka kimya, wasimamizi peke yao wakiarifiwa. Mtambo umerahisisha kuingia na kutoka. Haukumkataza mtu kubisha hodi na kuaga, na waandishi wa taratibu wangefanya vyema kuyataja maneno hayo mawili, maana kila Mswahili anayajua.

Kiswahili kina pia ngazi za kumkosoa mtu, nazo zina viwango vinavyotofautiana. Kudokeza ni kumgusia mtu jambo ili alielewe mwenyewe. Kuasa ni kumpa nasaha mapema, kabla hajakosea. Kuonya ni kumwambia hatari iliyopo. Kukanya ni kuonya kwa mkazo. Kukemea ni kumkatiza kwa ukali. Kusuta ni kumkabili mtu na ushahidi wa aliyoyasema. Kuumbua ni kuifichua aibu yake mbele za watu. Taratibu tulizozisoma huruka ngazi zote hizi. Zinataja onyo moja, kisha kutolewa. Mwalimu wa lugha ataona ni hasara ya msamiati. Mwanachama wa kundi ataona hasara nyingine, kwamba hakuna tena hatua ya katikati.

Msimamizi ni nani?

Neno msimamizi, au admini kama wengi wanavyosema, limebebeshwa kazi tatu zisizofanana.

Kazi ya kwanza ni ya mtambo. Mtu anashika ruhusa za kuingiza na kutoa wanachama. Aliyefungua kundi huwa nayo tangu mwanzo, hata kama hana nia ya kuongoza chochote.

Kazi ya pili ni ya kusoma ujumbe kabla haujatolewa. Ilikuwapo katika baadhi ya makundi ya Usenet, mtandao wa majadiliano ulioasisiwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Katika makundi hayo ujumbe ulimfikia kwanza mtu mmoja, naye akaupitisha au akaurudisha. Mtu huyu yu karibu na mhariri kuliko msimamizi.

Kazi ya tatu ni ya kuongoza mazungumzo: kumpa nafasi mnyonge wa kusema, kuwarudisha watu kwenye mada, kupoza hasira. Redioni mtu huyu huitwa mwongoza mjadala, na hatuoni sababu ya kumnyang'anya jina hilo anapohamia kwenye simu.

Kuzichanganya kazi hizi ni hatari, na hatari yenyewe huonekana wazi zaidi mbele ya sheria. Nchini Kenya, mwongozo uliotolewa mwaka 2017 kabla ya uchaguzi mkuu, na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano, ulimpa msimamizi wa ukumbi wa kijamii wajibu wa kudhibiti maudhui na mijadala ya ukumbi wake. Nchini India mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021, na ile ya Kerala mwezi Februari 2022, ziliamua kuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp habebi hatia ya ujumbe wa mwanachama kwa sababu tu ya kuwa msimamizi. Mahakama ziliuliza swali ambalo kila mwanaistilahi angeuliza: mtu huyu anaweza kufanya nini hasa? Zikajibu kuwa anaweza kuingiza na kutoa, lakini hawezi kuzuia neno lisisemwe.

Ikumbukwe kuwa mwaka huohuo wa 2022 WhatsApp ilitangaza kuwapa wasimamizi uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama usionekane tena na yeyote. Jina halikubadilika, lakini dhana ilibadilika. Fasili ya msimamizi iliyoandikwa kabla ya hapo inahitaji kusomwa upya. Na mtumishi wa serikali anayefasiri waraka akaandika "msimamizi" mahali pa kazi zote tatu, huenda anamtwika mtu wa mtaani wajibu asiokuwa na chombo cha kuutimiza. Mtu huyo yumkini alifungua kundi kwa ajili ya harusi ya ndugu yake tu, kisha akasahau kulifunga.

Maneno ya adhabu

Tuyatazame sasa maneno manne yanayotumika zaidi katika kuadhibu.

Kufungia. Ni neno la mamlaka: gazeti hufungiwa, mchezaji wa mpira hufungiwa, tena huwa kwa muda unaotajwa. Katika JamiiForums, ukumbi wa majadiliano uliopo Tanzania tangu 2006, wanachama husema mtu "kala bani" au "kapigwa bani". Mtindo huo ni wa mitaani, lakini una uchangamfu wake na hatuulaumu katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi, kufungia kunafaa iwapo muda unatajwa. Bila muda ni kufukuza, na liitwe hivyo.

Kutoa. Linatumika kwa kosa kubwa na dogo, na hata kwa aliyebadili namba ya simu. Msomaji anayekuta kuwa fulani "ametolewa" hajui kama ameadhibiwa au ameondolewa kwa sababu ya utaratibu tu. Tunapendekeza kuondoa kwa sababu za utaratibu, na kufukuza kwa adhabu. Neno ni kali, na ndiyo faida yake: anayefukuza aone uzito wa analolifanya.

Kuzuia. Hili ni tendo la mtu mmoja dhidi ya mwingine, asipate kumfikia. Si adhabu ya kundi. Lisichanganywe na kufungia.

Kunyamazisha. Hapa tafsiri imeteleza kwelikweli. Kiingereza hutumia neno moja, mute, kwa mambo mawili: mimi kuzima mlio wa kundi ili nilale, na mwenye ruhusa kumnyima mwanachama nafasi ya kusema. La kwanza halimdhuru mtu na hakuna anayelijua. La pili ni kumfunga mtu mdomo. Tukiita yote mawili kunyamazisha, anayesema "nimelinyamazisha kundi" ataeleweka kama mbabe ilhali alitaka usingizi. La kwanza liwe kuzima mlio.

Itakuwa si haki tukilaumu tu. Wanachama wa makundi wameunda pia maneno ambayo tungejivunia kama yangetoka ofisini kwetu. Neno uzi, kwa maana ya mfululizo wa michango juu ya mada moja, limezoeleka mno katika JamiiForums, na linaeleza dhana yake barabara: uzi huanza, hurefuka, hukatika, huchanganyika. Ni tafsiri sisisi iliyobahatika kukuta picha hai katika Kiswahili.

Pingamizi

Yupo atakayetuambia kuwa kuonyana ni jambo la watu kumi kwenye baraza, si la watu elfu. Pingamizi hili lina nguvu. Mwaka 2016 kundi la WhatsApp liliweza kuchukua watu 256. Mwaka 2022 idadi ikapandishwa hadi 512, kisha 1,024. Watu 1,024 hawajuani, na asiyekujua hakuoni haya.

Historia ya Usenet inathibitisha hivyo. Kila mwezi Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu waliingia wakiwa hawajui adabu, na wenyeji wakawafundisha kwa wiki kadhaa mpaka wakazoea. Tangu mwishoni mwa 1993, kampuni za biashara zilipowafungulia wateja wao milango, wageni wakawa wengi kuliko waalimu, na wakongwe wakasema kuwa Septemba hiyo haikuisha. Mwezi Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona walituma tangazo moja la huduma zao kwenye maelfu ya makundi. Wanachama waliokasirika walimiminia malalamiko mengi hata mitambo ya kampuni iliyowaunganisha mawakili hao ikazidiwa na kuanguka. Huko hakukuwa kuonyana tena, bali kuzomea. Nasi hatusemi kwamba kila jambo la -an- ni jema: kuzomeana, kuumbuana na kusengenyana nako ni -an-.

Tunachosema ni kwamba lugha lazima iwe na zana zote. Kundi kubwa linahitaji mtu mwenye mamlaka ya kufukuza, na anahitajika pia mtu wa kumfukuza tapeli pasipo kumwita kikao. Lakini kundi lisilo na neno la kuasa wala la kukanya litamtumia mfukuzaji huyo hata kwa kosa linalomalizwa na mwenzako akikunong'oneza faragha. Makundi mengi ya Waswahili, ya ukoo, ya kazini, ya shule, ya mazishi, ni ya watu wanaojuana. Kuyaandikia masharti kana kwamba ni ya watu 1,024 wasiojuana ni kuyakosea.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa waandishi na wafasiri wa taratibu za makundi:

(a) Kichwa kiwe "Makubaliano ya Kundi" au "Taratibu za Kundi". Sheria na kanuni ziachiwe Bunge na mawaziri.

(b) Mtendaji atajwe. Badala ya "atatolewa", iandikwe ni nani atakayemfukuza, baada ya kufanya nini, na mwanachama atamlilia nani.

(c) Msimamizi awe mshika ruhusa za mtambo. Mpitishaji awe yule anayesoma ujumbe kabla haujatolewa. Mwongoza mjadala awe yule anayeongoza mazungumzo. Mtu mmoja aweza kuwa na kazi zote tatu, lakini asiwe na jina moja kwa zote.

(d) Jukwaa litumike pale wachache wanaposema na wengi wakasikiliza, kama yalivyo makundi ambayo tangu 2018 huweza kuwekwa ili wasimamizi tu waandike. Pale wote wanaposema, neno baraza lina haki zaidi.

(e) Kujizuia na kuonyana yatumike kwa kutenganishwa, kila moja mahali pake, badala ya "kujipolisi".

(f) Kuzima mlio, kuzuia, kufungia, kuondoa na kufukuza yawe maneno matano yenye maana tano.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi zuri la darasani: wanafunzi wachukue masharti ya kundi lolote, wapigie mstari kila kitenzi chenye -w-, kisha wayaandike upya kwa -ji- na -an- pale inapofaa, na waeleze ni wapi haikufaa na kwa nini. Wasomaji walio na istilahi nyingine zinazotumika katika makundi yao, hasa wa Kenya, Uganda, Burundi na Kongo ambako huenda kuna maneno mazuri yasiyotufikia, tunawaomba watuletee pamoja na mifano ya matumizi, ili yajadiliwe katika toleo lijalo.